Namba ya Mzee Vénuste

"Muulize tena, polepole," Ndizeye alimwambia mjomba wake. "Halafu tungoje. Namba inachelewaka kidogo."

Mjomba Muderhwa alikuwa amevuka kutoka Bukavu asubuhi hiyo, amevaa koti la harusi kana kwamba anakwenda kuposa. Aliinama hadi kwenye sikio la mgonjwa.

"Shemeji, unanisikia? Mutoto wako anauliza. Tuuzishe nyumba?"

Mzee Vénuste hakujibu, na angejibuje, maskini, na mpira ule kooni na mashine ikimpumulia juma zima? Lakini kumjibu mwanawe ilikuwa lazima. Ndizeye alitaka kuuza nyumba ya Kamembe. Maman Mukankusi, mke wa pili wa mzee, alikuwa anaishi humo tangu harusi yake, na nje ya hiyo hakuwa na pa kuweka hata sufuria. Funguo Ndizeye alikwisha kuzichukua, eti azitunze.

Mwanzoni mjomba alitaka waende kwa bingwa mmoja wa ng'ambo, kwao Bukavu, anayesema na watu waliozimia. Ndizeye alicheka mpaka akafuta miwani.

"Ramli, mjomba? Siku hizi?"

Yeye alikuwa amesoma Kigali, na tai yake ilikuwa ikilieleza jambo hilo kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amemhoji muuguzi Héritier vizuri. Kile kidude kidogo mfano wa kifungo, kinachobandikwa kwenye ngozi, kinasoma hewa chafu iliyo ndani ya damu bila kuchoma sindano. Namba ikipanda, mgonjwa hewa inamkaba. Ikishuka, anapata nafuu. "Kinapasha ngozi moto," Héritier aliongeza, "kwa hiyo tunakihamisha mara kwa mara. Mukiona viduara vyekundu kifuani kwake musiogope, vinapotea." Kisha akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha mwisho.

Hapo ndipo Ndizeye alipopata wazo lake, na akajipenda zaidi ya kawaida. Baba aulizwe. Namba ikishuka, amekubali. Ikipanda, amekataa. Hiyo ni sayansi.

"Na wewe Maman utakubali jibu lake?" Ndizeye alimuuliza mama yake wa kambo.

Maman Mukankusi alikuwa ameketi ubavuni mwa kitanda, kitenge kimemfunika mabega hadi magotini. Mkono wake ulikuwa chini ya blanketi umeshika mkono wa mumewe, huko huko ulikoingia waya wa kidude.

"Mimi sijasoma, papa. Nitakubali kile mashine itasema. Na wewe?"

"Naapa mbele ya mjomba."

"Basi."

Kwenye kioo cha mashine namba ilisimama arobaini. Juma zima haikuwahi kushuka chini ya sitini, na Ndizeye hakukosa kuliona hilo.

"Mnaona? Nimefika tu, baba amepata nafuu."

Kwa hiyo swali likaulizwa, na sasa lilikuwa linaulizwa mara ya pili. Maman Mukankusi aliinamisha kichwa, akauma pindo la kitenge, kimya kabisa, hata bega halikutikisika. Mjomba alidhani anasali. Wakangoja. Arobaini na mbili. Arobaini na tano.

"Amekataa," mjomba alinong'ona.

"Hajaelewa. Umemuuliza vibaya. Mwambie ni kwa faida ya familia."

Mjomba akamwambia ni kwa faida ya familia. Arobaini na sita. Ndizeye akalegeza tai. Mtu aliyesoma hakimbii jaribio lake mwenyewe, lakini miguu yake ilikuwa inautamani mlango.

"Geuza swali," alisema kwa sauti ndogo. "Muulize kama nyumba abaki nayo Maman."

Mjomba hakumaliza hata kulisema. Maman Mukankusi alipasuka kulia, kilio cha kuvuta pumzi na kuitoa, kuvuta na kuitoa, kifua chote kikipanda na kushuka, mpaka wagonjwa wengine kama wangeweza wangegeuka. Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Namba ikateremka. Arobaini. Thelathini na saba. Thelathini na tatu.

Mjomba Muderhwa alivua kofia. Tangu azaliwe hajaona bingwa wa namna hii, alisema, na huyu hata kuku hajaomba.

Ndizeye alikitazama kioo. Aliona uchungu, uchungu wa kweli, kwamba baba yake, hata akiwa nusu maiti, bado anampendelea yule mama. Lakini alikuwa ameapa, na sayansi ni sayansi. Akatoa funguo mfukoni.

"Mzee amesema."

"Ngoja nimufunike vizuri kwanza," alisema Maman Mukankusi, akipangusa machozi. Akageuka, akamwinamia mumewe, akashughulika chini ya blanketi kitambo, akambonyeza kifuani taratibu kama mtu anayebandika kiraka. Namba ilipotea, ikarudi, ikaanza kupanda. Hamsini. Sitini na moja.

"Ona, amechoka kusema," alisema mjomba.

Maman Mukankusi akanyoosha mkono kupokea funguo. Kitenge kiliteleza hadi kwenye kiwiko, na katikati ya mkono, kwa ndani, palikuwa na kiduara kimoja chekundu.