Mkono Uliopiga Unga Tu

“Mkono huu haujawahi kumgusa mwanamke kwa ubaya, na wa kumpiga mke wangu bado hajazaliwa,” Tanuri aliwaambia wenzake kiwandani, huku akiubamiza unga mezani kana kwamba unamdai maelezo.

Wenzake walimshauri ageuke kwanza. Mikate arobaini ilikuwa inaungua nyuma yake, moshi umetanda hadi darini, na pua yake haikuwa imemnong’oneza chochote.

Tanuri alioka usiku na kulala mchana. Mkewe, fundi wa maabara, alirudi kutoka kazini saa nane mchana na kujinyoosha kando yake. Jioni Tanuri alipoamka, alimkuta mkewe na jicho limeumuka kama donge lililozidishiwa hamira.

Mke alisema kajigonga kwenye kabati. Wiki iliyopita zilikuwa mbavu, na mshtakiwa alikuwa kabati lilelile. Tanuri si wa kulishwa maneno makavu: alichukua futi akalipima. Ncha ya juu ilimfikia mkewe begani. Basi hilo kabati lilipanda kiti ndipo likampiga?

Akamwendea mama mkwe, aliyeishi nao, amwambie anachojua. Bibi hakuinua macho kwenye cherehani. Alimjibu kwamba ya chumbani aulize chumbani.

Tanuri akajumlisha mwenyewe. Mkewe alikuwa na sehemu mbili tu, nyumbani na maabara. Nyumbani alikuwepo yeye. Maabara alikuwepo Daktari, mkuu wake, mwenye vidole vyembamba na sauti ya kubembeleza. Hesabu haikuhitaji kalamu.

Asubuhi hakulala. Alitoka kiwandani na mti wa kusukumia unga chini ya koti, akamfuata mkewe hadi kwenye mlango wa maabara ulioachwa wazi kidogo. Akachungulia.

Daktari alikuwa amemshika mkewe kidevu, anauelekeza uso wake kwenye mwanga.

“Ikiwa huru, protini hii ni uzi tu, haina umbo,” alikuwa anasema taratibu. “Ikiugusa utando wa seli ya neva, inajikunja na kuung’ang’ania. Hapo haina kosa, ndiyo kazi yake. Balaa ni zikianza kung’ang’aniana zenyewe na kuuchana ule utando. Na ugonjwa huo huanza mapema, puani na usingizini, miaka mingi kabla mkono haujatetemeka.”

Mkewe akaanza kulia. Daktari akampangusa chozi kwa kidole.

Tanuri hakusubiri somo liishe. Pigo la kwanza lilishuka begani, na mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili lilipitia mdomoni. Jino likaruka likatua kwenye trei ya vioo. Daktari aliinua mkono kujikinga, mkono nao ukavunjika. Meza ikapinduka, chupa zikapasuka, na Tanuri akamkalia kifuani, magoti juu ya vigae vya chupa, akitwanga bila kuhesabu. Koti jeupe la Daktari likawa jekundu. Mkewe alimvuta Tanuri koti lake hadi likabaki mikononi mwake, akimsihi amwache, kwamba mtu huyu hana kosa. Maneno hayo yalimtia moto zaidi.

Walinzi wawili ndio waliomng’oa. Wakamkandamiza ukutani, damu ikimchuruzika vidoleni.

“Nijibuni basi,” alihema. “Kama si huyu, ni mwanamume gani anayempiga mke wangu? Nitajieni mtu mmoja tu aliyeona.”

Nyuma ya mlango, kwenye kigoda, mtu alikohoa. Alikuwa mama mkwe, mkoba mapajani.

“Daktari aliniita nije nieleze nilichokiona, na hujanipa nafasi,” alisema. “Ni wewe, baba. Jana mchana nilikuwa mlangoni pa chumba chenu. Ulimpiga ngumi tatu za uso, na ulikuwa unakoroma.”