Beji ya Ulezi

Nyamizi alirudi mbio kutoka kwenye mkutano wa skauti wa kike, beji mpya ya kuwasha moto iking'aa kifuani. Sheria ni ileile: mtoto akivishwa beji, ujuzi wa beji hiyo unamtoka mama yake na kuhamia kwake.

"Kaa uone, mama," alisema, akawasha mkaa kwa njiti moja.

Mama alicheka. "Mimi tangu mchana nimemaliza kiberiti kizima. Mdogo wako kanywa uji baridi."

"Jiko niachie mimi. Na Jumamosi ni beji ya ulezi, nimechaguliwa wa kwanza!"

Mdogo wake akalia mgongoni mwa mama. Mama akajua papo hapo kuwa ni usingizi, si njaa. Akamfungua, akamkumbatia kwa nguvu, kana kwamba Jumamosi ni kesho.