Shauri la Wageni wa Meli

"Lia," Mwinyimadi alimwamuru mkewe, na Mwanne akacheka. Akaamriwa tena, akacheka tena, mpaka ikabidi aambiwe ajifunike kanga usoni, angalau meno yasionekane.

Walikuwa kwenye mazoezi. Meli kubwa ya watalii ingetia nanga Dar es Salaam keshokutwa, kwa siku moja tu, na abiria wake wangeletwa kwa malori mpaka Masaki, huko Kisarawe, kutazama wenyeji wanavyoishi. Wenyeji, ili waishi inavyotakiwa, walihitaji mazoezi ya wiki nzima.

Aliyeipanga ziara hiyo ni Zahoro, karani wa wakala wa meli, kijana wa mjini mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Meli iliyopita aliwapeleka wageni Visiga, wakachezewa ngoma, wakapiga miayo, na bwana mkubwa wake akamfokea mbele ya makuli. Safari hii alitaka kitu cha kweli. Kijiji kitakachowafurahisha wageni, alisema, ndicho kitakacholetewa kila meli, na msimamizi wake atavishwa kofia yenye nembo ya shaba.

Mwinyimadi aliitamani kofia ile mpaka usingizi ukampaa. Kusema kweli, hakuwa na kingine cha kujivunia. Nyumba aliyolala aliijenga marehemu baba yake Mwanne, mikorosho aliyopumzika chini yake ilikuwa ya Mwanne, na mwenye kuipalilia alikuwa Mwanne huyo huyo. Kazi ya Mwinyimadi ilikuwa kukosoa. Mara nyingi mkewe alimwomba waachane kwa wema, na kila mara alijibiwa kwamba hapa kitakachotenganisha watu ni kaburi. Mwinyimadi hakuwa mjinga wa kuacha shamba.

Lakini tangu habari za meli zifike, Mwanne alikuwa laini ajabu. Tena ndiye aliyemfungua macho mumewe, jioni moja akikuna nazi. Ngoma ipo kila mahali, alisema, lakini binadamu wa nchi yoyote akisikia kwa jirani kunagombwa, ataacha chakula chake akasikilize. Basi wageni waonyeshwe shauri la mke na mume mbele ya Mwalimu Shomari wa msikitini, wazee wakiwa mashahidi, na mwisho mume amwache mkewe.

"Na mume awe wewe," alisema. "Nani mwingine hapa ana sauti ya kufika mpaka nyuma?"

Asubuhi yake Mwinyimadi alimweleza Zahoro wazo hilo, akasema limemjia usingizini. Zahoro nusura amkumbatie.

Siku ikafika. Wageni walishuka kwenye malori wekundu kwa jua na vumbi, wakaketi kwenye viti walivyokuja navyo kutoka melini. Wakaonyeshwa mwanamke akisuka ukili, wakatikisa vichwa. Wakaonyeshwa mzee akigema tembo, wakaonja, wakatema kwa siri. Kisha Mwinyimadi akatokea na joho la kuazima, akaanza kumshtaki mkewe kwa kuunguza wali, kwa kujibizana, na kwa mengine aliyokuwa nayo moyoni siku nyingi. Zahoro alitafsiri. Miayo haikuonekana.

Mwalimu Shomari, aliyeketi mkekani kati ya Mzee Kitwana na Mzee Mwishehe, aliinua mkono.

"Mwinyimadi, una akili zako timamu? Hukulazimishwa na mtu?"

Mwinyimadi alifurahi. Kumbe Mwalimu naye alikuwa fundi wa maigizo, na mtu hata hakumfundisha.

"Timamu kabisa," akanguruma. "Mwanne binti Mashaka, nimekuacha."

Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye kamera, hata hivyo, alilalamika kwamba mke alijifunika kanga wakati ule ule wa picha. Zahoro akamwomba Mwinyimadi arudie. Akarudia, kwa uchungu zaidi, na Mwanne akajifunika tena. Bibi akapiga mguu chini. Zahoro akamsihi Mwanne asimame wima na kuacha uso wazi, mume aseme kwa mara ya mwisho, maana meli haingoji.

Mwinyimadi akavuta pumzi, akamwacha mkewe kwa sauti iliyosikika mpaka kisimani. Mwanne alikuwa amefunua uso akitazama kamera, na machozi ya kweli yakamshuka. Mumewe aliyaona akaridhika. Mazoezi hayakwenda bure.

Wageni waliondoka wakisifu. Zahoro alimshika mkono Mwinyimadi na kumhakikishia kofia yake. Mwinyimadi akavua joho, akaketi barazani, akamwita mkewe amwekee maji ya kuoga.

"Unamwita nani?" aliuliza Mwalimu Shomari. Alikuwa bado mkekani na wazee wake.

"Mke wangu."

"Ya kwanza ungeweza kumrejea. Ya pili pia. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomaliza."

Mwinyimadi alicheka, akamkumbusha kwamba yale yalikuwa maigizo ya wageni. Mwalimu hakucheka. Alimwambia kwamba talaka haina maigizo, na kwamba yeye alimwuliza wazi, mbele za watu, akajibiwa. Mzee Kitwana na Mzee Mwishehe wakaitikia kwa vichwa.

Mwanne alitoka ndani na sanduku la bati, akalitua barazani. Mwinyimadi alimwuliza anakwenda wapi.

"Mimi niko kwetu," alisema Mwanne.

Kisha akamgeukia Zahoro, aliyekuwa akipakia viti kwenye lori la mwisho, akamwuliza kwa adabu kama kumebaki nafasi ya mtu mmoja.