Kidude cha Mama Mize

Wallahi, hili halina porojo hata chembe: siku hizi kidude cha kupitishia dawa kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua, mrija wake ukiingia mshipa mkubwa, hurithiwa pamoja na kumbukumbu za marehemu. Mimi nimewekewa cha mke wangu.

Leo binti yetu Mize alipokisafisha kwa sindano ya maji ya chumvi, kilisema kwa sauti ya mama yake: "Siku ile nakufa nilikuita mara tatu, ukaendelea kucheza bao lako."

"Baba, si ulisema ulimshika mkono hadi mwisho?"

"Mwanangu, vidude hivi hupayuka tu..."

"Chumvi nimetia mimi. Wewe usiongeze!"

Ikabidi nimweleze jinsi mama yake alivyokufa peke yake. Kifuani mwangu, pumzi isiyo yangu ilitulia, ikisikiliza.