Dirisha la Mbayuwayu

Haya mjukuu wangu, tegua: huhama bila kuaga, hurudi bila kupiga hodi. Umeshindwa? Mbayuwayu!

Leo wamerudi. Kiota chao kimo stoo, juu ya boriti, na babu yako huwaachia dirisha wazi kila mwaka. Nikawakuta nje wanapigapiga mabawa kwenye kioo, tope mdomoni. Dirisha limepigiliwa misumari!

"Baba watoto, mbona umewafungia wageni wako?"

Babu yako, anayesahau mengi siku hizi, alikuwa anaitazama nyundo mkononi mwake kana kwamba ni ya jirani. Nami nikachanganyikiwa, nicheke au nilie?

Ndege mmoja akagonga kioo tena kutoka nje. Babu yako akanishika kidole, akaninong'oneza:

"Nimewafungia humo ndani, mama watoto. Wasituhame tena."