Doa Jeupe

Koplo Nasimiyu na Daktari Kimweri walimlaza Shaba, mbwa wa polisi, kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akiwa tayari amelala kwa dawa ya usingizi. Kwa miezi miwili Shaba alikuwa hashiki amri. Nasimiyu alimkaripia, akamnyima mpira wake, mwisho akaandika barua kwamba amekuwa mkaidi na astaafishwe.

Picha za kwanza zilitoka kijivu tupu.

“Sioni kitu,” alisema Nasimiyu.

“Hata mimi, Koplo.” Daktari alijaza bomba la sindano dawa isiyo na rangi. “Hii haitibu, inafuata damu tu. Kama kuna uvimbe, mishipa ya pale huvuja. Dawa itajaa hapo na kung’aa.”

Akaenda kumdunga Shaba mguuni, polepole, kisha akarudi kwenye kompyuta na kupiga picha nyingine. Nasimiyu alisogea hadi pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo. Akakifuta kwa mkono wa sare. Juu kidogo ya jicho la kushoto palikuwa na doa jeupe, kubwa kama punje ya hindi.

“Kumbe ulikuwa unaumwa, baba,” alinong’ona. Kisha akamgeukia daktari. “Unaweza kuutoa uvimbe huo?”

“Uko karibu na fuvu. Nitajaribu leo, ukiniruhusu.”

“Jaribu, Daktari.”

Katika chumba cha upasuaji, Nasimiyu alikishika kichwa cha Shaba kwa mikono miwili. Daktari akaanza kunyoa, na manyoya yakawa yanaangukia buti za Nasimiyu.