Kisu cha Upande Mmoja

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha chuma, chembamba kama kidole, na mji mzima ulisubiri shafti ya pampu ya maji. Fundi Mwajabu aliposimama kwenye mashine ya kukereza, baba yake alimpa kisu kinene cha mashine hiyo cha kukatia chuma, chenye makali pande zote mbili.

“Hiki hakivunjiki, mwanangu.”

“Kweli, baba, lakini kinasukuma sana. Chuma hiki kitapinda.”

Akafunga kisu chembamba cha upande mmoja. Utepe wa chuma ukachuruzika mrefu, unang'aa, bila kukatika.

Baba aliipapasa shafti. “Huyu ndiye mwanangu!” akawaambia mafundi.

Ukutani mwa karakana ile hutundikwa utepe mmoja tu, uliotia fora. Mzee akapanda kigoda, akautoa wake wa tangu ujana, akauacha msumari wazi.